Maswali ya Wasomaji: Nani Alikutuma Useme kwa Niaba Yetu?

Miezi hii barua na meseji za hakimiliki mtandaoni zimekuja nyingi, na karibu zote zina kitu kimoja ndani yake: watu wamejitolea kufanya kazi pamoja bila malipo, alafu mtu mmoja anasimama mbele na kuanza kusema "sisi". Majina nimeondoa kama mlivyoomba. Swali la kwanza nimelipa nafasi kubwa kuliko mengine juu najua kuna vikundi vingi viko kwa hali hiyo hiyo saa hii.

Habari ya kazi mhariri. Sisi ni vijana na akina mama wachache hapa Nakuru, tunaandika makala za Wikipedia ya Kiswahili na kupiga picha, flamingo wa ziwani, Menengai, soko, vitu kama hivyo, na hatulipwi hata shilingi. Juzi mwenzetu mmoja aliitwa redio fulani kuongea juu ya hakimiliki, mtangazaji akamtambulisha ati ndiye mkuu wa Wikipedia Kenya na yeye hakukataa, akasema "sisi Wikipedia tunapinga hakimiliki, kila kitu mtandaoni kinafaa kiwe cha bure". Kuna msanii wa huku alinipigia simu akanifokea vibaya. Hatukuulizwa. Sasa grupu imegawanyika, wengine wanasema ametujengea jina, wengine wanataka atolewe. Unasemaje? – Msomaji, Section 58, Nakuru

Pole sana ndugu yangu, na kabla sijafika kwa sheria nataka niseme kwamba hasira yenu ni ya haki. Mtu anayejitolea hana mshahara pale, hana marupurupu, anachobaki nacho ni jina lake na msimamo wake, sasa ukichukua msimamo wake ukausema kwa redio bila kumuuliza umemnyang'anya karibu kila kitu alichokuwa nacho.

Tuanze na hicho cheo. Mkuu wa Wikipedia Kenya hayuko na hajawahi kuwa. Wikipedia ilianza Januari 2001, ya Kiswahili ikaja 2003, na mwaka huo huo wa 2003 ndio shirika la Wikimedia Foundation likaundwa, makao yake San Francisco Marekani, kazi yake ni kulipia seva, kuajiri mafundi na mawakili, kulinda jina na nembo. Kuandika makala si kazi yake. Alafu kuna vikundi vya watumiaji katika nchi mbalimbali, Kenya pia kiko, vinatambuliwa na kamati maalum ya huko na vinaruhusiwa kutumia jina kuandaa semina na mashindano ya picha, lakini navyo havina amri juu ya makala, havimiliki picha zenu, na anayeviongoza si bosi wa mtu anayeandika usiku nyumbani kwake na bando alilonunua mwenyewe. Makala ni ya walioyaandika. Kila mmoja wenu ana hakimiliki ya alichoandika, unapobonyeza kuchapisha hauuzi na hautupi hiyo haki, unatoa leseni, ile ya Creative Commons ambayo tangu Juni 2023 iko toleo la 4.0, kwamba mtu yeyote anaweza kutumia hata kwa biashara mradi ataje waandishi na akibadilisha aachie wengine kwa masharti yale yale.

Na hapo ndipo maneno ya mwenzenu yanaumiza zaidi, manake si kwamba alisema bila kutumwa tu, alisema kitu ambacho si kweli. Hiyo leseni inasimama juu ya hakimiliki. Kama hakungekuwa na hakimiliki, kampuni ingechukua picha yako ya flamingo ikaondoa jina lako ikaichapisha kwa kalenda na wewe hungekuwa na la kumwambia, hata lile sharti la "achia wengine pia" lingekosa nguvu. Na mtu yeyote aliyewahi kupakia picha aliyoitoa Google anajua vile inafutwa haraka, wanaojitolea wanashinda wakifuta kazi za watu zilizoletwa bila ruhusa. Sasa huyo msanii aliyekupigia, mpigie tena wewe mwenyewe umweleze hivyo, kwa upole, kwa sababu wasanii wetu wana maumivu ya kweli ya kazi kuchezwa na wao hawaoni pesa, na mtu akisikia kwa redio kwamba kuna kikundi kinataka kazi yake iwe ya bure lazima atachemka.

Kuna wakati Wikipedia imewahi kusimama kwa sauti moja kwa mambo ya hakimiliki, na ni vizuri mjue ilivyofanyika, juu watu wanakumbuka kelele tu hawakumbuki njia iliyofuatwa. Tarehe 18 Januari 2012 Wikipedia ya Kiingereza ilizimwa saa 24, huku kwetu ilianza saa mbili asubuhi, kupinga miswada miwili ya bunge la Marekani iliyoitwa SOPA na PIPA, ambayo ingewezesha tovuti kuzibwa kwa madai ya wizi wa kazi. Kabla ya kuzima kulikuwa na majadiliano ya wazi ya saa 72, wanaWikipedia zaidi ya 1,800 wakatoa maoni yao, kila mtu akaandika anaunga au anapinga na kwa nini, kisha waangalizi watatu kutoka kwa hao hao wanaojitolea wakasoma yote na kutangaza wengi wameamua nini. Shirika likatekeleza. Siku mbili baadaye, 20 Januari, miswada yote miwili ikawekwa kando. Waitaliano walikuwa wametangulia, Oktoba 2011 walificha Wikipedia yao kwa sababu ya mswada wa nchi yao ambao haukuwa wa hakimiliki, na ulikuwa uamuzi wa waandishi wa Kiitaliano peke yao, hawakusubiri mtu wa Marekani awaambie.

Ya Ulaya ndiyo inafanana na shida yenu zaidi. 2018 Umoja wa Ulaya ulikuwa unatengeneza sheria mpya ya hakimiliki, na kulikuwa na kifungu cha 13, baadaye kikawa cha 17, kinachobebesha majukwaa makubwa mzigo wa kazi zinazopakiwa bila ruhusa. Waitaliano walizima tena 3 Julai, wengine kama Wahispania wakafuata, tarehe 5 bunge likakataa isonge mbele vile ilivyokuwa, kwa kura 318 dhidi ya 278. Wajerumani wakazima siku nzima 21 Machi 2019 baada ya kupiga kura yao. Lakini sheria ilipita siku tano baadaye, 348 kwa 274. Na upande wa pili hawakuwa watu wabaya ati, walikuwa wanamuziki na waandishi, hata Paul McCartney aliwaandikia wabunge kuiunga mkono, wakisema majukwaa yanatajirika na kazi zao. Ndani ya wanaojitolea wenyewe kulikuwa na waliosema kamusi elezo haifai kuingia siasa kabisa. Na maandishi ya mwisho ya sheria yenyewe yaliziacha nje kamusi elezo za mtandaoni zisizo za faida, kwa hivyo kuna waliouliza, sasa tulipiga kelele kwa ajili yetu ama kwa ajili ya nani? Mimi naona lilikuwa swali zuri na ni vizuri liliulizwa mbele ya watu wote, na kwenu liulizwe hivyo hivyo.

Ona basi: kila lugha iliamua yake, na hakuna aliyesema "sisi" kabla ya kuuliza.

Nyinyi mfanye nini? Kwanza msimtoe mwenzenu kabla ya kuongea naye uso kwa uso, pengine mtangazaji alimpa cheo na yeye akaona haya kukataa hewani, hiyo hutokea. Aandike mwenyewe kwa ile redio waseme kwamba alizungumza kama mtu mmoja anayejitolea, si kama msemaji. Alafu mkubaliane kuanzia sasa, mtu akiitwa popote, sentensi ya kwanza ni "mimi ni mmoja wa wanaoandika, haya ni maoni yangu." Mkitaka kutoa tamko la pamoja, liandikwe, likae wazi siku za kutosha mpaka hata yule wa Molo ambaye hana bando kila siku ameliona, waliopinga waandikwe pia, na mwisho liseme wazi "sisi watu kadhaa tuliosaini hapa chini", kama ni kumi na wanane basi ni kumi na wanane, si Wikipedia, si Kenya, si Waswahili wote. Na tafadhali, kwa grupu ya WhatsApp watu arobaini wameona meseji na watano wakaweka dole gumba, hao ni watano. Wale wengine wako shambani, wako kazini, wengine wanaogopa kugombana na mwenyekiti.

Shikamoo. Niko Nyalenda Kisumu. Tulikuwa kikundi cha vijana tulichora ramani ya mitaa yetu, njia, vyoo vya umma, visima, tukaweka kwa OpenStreetMap, ile ramani huru ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, na zile picha tukabaki nazo kwa hard disk. Mwenyekiti wetu ambaye jina lake liko kwa cheti cha kikundi amesaini mkataba na kampuni, amewapa picha zote "kwa matumizi yao pekee" na hata ramani. Anasema yeye ndiye kikundi. Anaweza? – Mchora ramani, Nyalenda

Marahaba kijana wangu. Hawezi, isipokuwa nyinyi mlimpa hiyo ruhusa.

Mwenyekiti wa bodaboda pale Kondele anaweza kuenda kaunti kuongea juu ya steji kwa niaba ya wenzake, lakini hawezi kukuuzia pikipiki yako. Cheti cha kikundi kinampa ofisi, kinaweza kumpa kusaini mambo ya akaunti ya benki kama katiba yenu inasema hivyo, hakimfanyi awe amepiga picha ambazo wewe umepiga. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema haki inaanza kwa aliyeiunda kazi, hauhitaji kusajili ndio uwe nayo, na ukitaka kuihamisha kwa mtu mwingine ama kumpa mtu leseni ya kutumia peke yake ni lazima iwe kwa maandishi, imesainiwa na mwenye haki ama mtu aliyetumwa na mwenye haki. Kwa hivyo swali la kumuuliza mwenyekiti ni moja tu, karatasi tuliyokutuma iko wapi? Kama haiko, hiyo kampuni imenunua hewa, na nawashauri muwaandikie barua mapema kabla hawajachapisha, wengi wakijua picha si za aliyesaini watarudi nyuma wenyewe.

Lakini kuna mlango mmoja nataka muuangalie vizuri sana kwa sababu wengi wanaumia hapo. Sheria hiyo hiyo inasema kazi ikiwa imeagizwa na mtu, ama umeifanya ukiwa umeajiriwa, haki inahesabiwa imeenda kwa aliyeagiza ama mwajiri, mpaka muwe mmekubaliana vingine. Sasa kama kuna shirika lilikuja likasema tunataka mpige picha za visima na likawalipa, hata kama ni nauli na chakula wakaiita malipo, wanaweza kuja kusema waliagiza. Sijaona karatasi zenu kwa hivyo siwezi kukuambia zaidi, ila siku nyingine andikeni ukurasa mmoja kabla ya kazi kuanza, useme picha zinabaki za waliozipiga. Ukurasa mmoja tu, hauhitaji wakili kwa hilo.

Ramani sasa ni hadithi tofauti. Kile mlichoweka OpenStreetMap tayari kiko huru kwa leseni, kampuni inaweza kukitumia bila hata kumuona mwenyekiti, mradi itaje chanzo na ifuate masharti ya kushiriki. Kile haiwezi kupata ni "peke yake", hiyo haiko tena, hata nyinyi wote mkisaini. Na wale watu wa OpenStreetMap walijifunza kwa njia ngumu nani anaweza kubadilisha masharti. Mradi ulianza 2004 na leseni ya Creative Commons, baadaye wakaona haifai vizuri kwa data, wakataka kuhamia nyingine inayoitwa ODbL. Hawakuweza kuamua tu kwa mkutano. Ilibidi wamuulize kila aliyechora, mmoja mmoja, unakubali ama hukubali, na wale waliokataa ama hawakupatikana michoro yao ikatolewa kwenye ramani, barabara zikapotea kweli, watu wakazichora upya, mpaka 12 Septemba 2012 ndio leseni mpya ikaanza. Tangu hapo masharti ya kujiunga yanasema ikitakikana kubadilisha tena ni lazima theluthi mbili ya wachoraji walio hai kwenye kazi wakubali kwa kura. Wikipedia nayo ilibadilisha leseni 2009 bila kumuuliza kila mtu, na watu hushangaa iliwezekana vipi. Ni kwa sababu leseni ya zamani, GFDL, waandishi walikuwa wamekubali itumike "toleo hili ama la baadaye", na walioitunga wakatoa toleo lililofungua mlango wa kuhamia Creative Commons kwa muda mfupi tu, mwisho 1 Agosti 2009. Hata hivyo kura iliitishwa kwanza.

Na mwenyekiti akisema atauza jina la kikundi na ukurasa wenu na kila kitu, mwambieni habari ya Wikitravel. Ni mwongozo wa wasafiri ulioandikwa na watu wa kujitolea kuanzia 2003, 2006 waanzilishi wakauzia kampuni ya Internet Brands. Walichouza ni jina na tovuti. Maandishi hayakuwa yao kuuza. Wajerumani wakaondoka na maandishi yao mwaka huo huo wakaanzisha Wikivoyage, waandishi wa Kiingereza wakafuata 2012, kampuni ikashtaki wanaojitolea wawili, kesi ikaisha mapema 2013 na Wikivoyage iko mpaka leo. Leseni ndiyo iliwaruhusu kuondoka na mkoba wao.

Nina albamu ya babu, ndani kuna picha za stesheni ya reli Kisumu na bandari, nadhani za miaka ya sitini. Naweza kuziweka Wikipedia? – Mjukuu, Milimani Kisumu

Kwa Kenya picha inalindwa miaka 50, inahesabiwa kutoka mwisho wa mwaka iliyopigwa, ama iliyowekwa wazi kwa umma, ama iliyochapishwa mara ya kwanza, ile tarehe iliyokuja mwisho kati ya hizo. Kwa hivyo iliyochapishwa gazetini 1968 iliisha mwisho wa 2018, lakini ile ambayo haijawahi kutoka kwa albamu ni hesabu nyingine. Kuwa na karatasi ya picha mkononi si kuwa na haki yake, angalia nyuma kama kuna muhuri wa studio. Na Wikimedia Commons, mahali picha zinakaa, wanataka iwe huru Kenya na Marekani pia. Kama babu ndiye alizipiga na nyinyi ndio warithi, rahisi zaidi, warithi wote mkubaliane mtoe leseni. Wote, si wewe uliye na skana.

Mimi ni wa Shinyalu, Kakamega. Nilirekodi ngoma ya isukuti kwa sherehe moja nikaweka Facebook, watu wamependa sana. Sasa kuna mtu anajiita msemaji wa jamii amesema nimeiba mali ya Waluhya, nitoe ama nilipe elfu ishirini, na ameripoti vidio ikatolewa. Yeye hata hakuwa hapo. Nifanyeje?

Mulembe. Hapa kuna haki tatu zimekaa juu ya vidio moja na ukizichanganya utapotea.

Ile vidio kama vidio ni yako wewe uliyeirekodi. Wale waliocheza na kupiga ngoma wana haki zao za waigizaji, walifaa kuulizwa kabla ya kurekodiwa, kwa hivyo kama hukuwauliza nenda uwaone, wako hapo hapo kijijini, na ni hao ningewaogopa kuwakosea kuliko huyu wa elfu ishirini. Alafu kuna isukuti yenyewe kama mchezo, hiyo si ya mtu mmoja, ni ya Waisukha na Waidakho, na UNESCO iliiweka 2014 kwa orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Naona huyo bwana amesema "Waluhya" kwa jumla, na hilo peke yake linaniambia hajatumwa na wenyewe, manake Waisukha na Waidakho wanajua ni chao.

Katiba ya 2010 inaagiza jamii zilipwe fidia ama mrabaha utamaduni wao ukitumiwa, na 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inasema mwenye haki ni jamii, na mtu wa nje akitaka kuzitumia kibiashara anafaa apate kibali cha jamii akiwa ameielezea kabla. Serikali za kaunti zimepewa kazi ya kuweka rejista. Sheria hii mimi naipenda na naomba itumike vizuri, watu wamechezewa ngoma zao kwa matangazo ya biashara bila hata asante. Lakini haijampa mtu yeyote mwenye simu kazi ya kukusanya pesa. Jamii ikisema, inasema kupitia wazee na vikundi vya isukuti vyenyewe, kwa mkutano unaojulikana. Muulize kwa maandishi: nani alikutuma, mkutano ulikuwa lini, hizo elfu ishirini zinaenda akaunti ya nani? Na usilipe.

Upande wa vidio kutolewa, marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Hakimiliki yaliweka utaratibu wa notisi. Mwenye haki ndiye anatoa notisi kwa mwenye huduma ya mtandao, anaeleza kazi ni gani na haki yake ni ipi, mwenye huduma anakujulisha wewe na ana saa 48 za kazi kuzuia, na wewe unaweza kutoa notisi ya kujibu. Anayetoa notisi ya uongo kwa nia mbaya anatenda kosa la jinai. Facebook wana fomu yao wenyewe ya kukata rufaa, jaza hiyo kwanza, andika kwamba wewe ndiye ulirekodi na aliyeripoti hajaonyesha haki yoyote. Weka skrinshoti za meseji za kudai pesa. Ukishaongea na wachezaji wakakubali, ukiirudisha taja kikundi chao kwa jina na mahali walipo, ni haki yao na pia wanaweza kupata mialiko kupitia hapo.

Mimi ni mwalimu Bungoma, naweza kuchukua makala ya Wikipedia ya Kiswahili nikatengeneza kijitabu cha wanafunzi nikauza shilingi hamsini? Kuna mtu ameniambia niombe ruhusa kwa kiongozi wao.

Mwalimu, unaweza, na hakuna kiongozi wa kuomba. Taja kwamba yametoka Wikipedia na waandishi wake, weka linki ya makala, taja leseni, sema ulichobadilisha, na kijitabu chako nacho kiwe kwa leseni hiyo hiyo, yaani mwalimu wa Webuye akikikopi usimshtaki. Picha angalia moja moja, zingine zina masharti tofauti.

Hapa Busia kuna jamaa anazunguka akisema kampuni za akili bandia zimechukua maandishi yetu sisi tunaojitolea, na yeye anaandikisha watu wote wa Kiswahili ili tulipwe, unatoa mia tano ya usajili. Wengine wameshatoa. Ni kweli?

Kitu cha kwanza ni kweli, maandishi yamechukuliwa, na mjadala wake ni mkubwa na haujaisha, gazeti la New York Times lilienda mahakamani dhidi ya OpenAI na Microsoft Desemba 2023, na Mei 2024 Stack Overflow, mahali watu wa programu wanajibizana maswali bila malipo, ilipotangaza mkataba na OpenAI kuna waandishi walikasirika wakaanza kufuta majibu yao wenyewe na akaunti zao zikasimamishwa. Uchungu wao naujua. Walitoa kwa jirani mwenye shida, wakaona mwenye tovuti ndiye amekaa mezani kuzungumza bei.

Lakini mia tano haifanani na hayo. Kama mliandika Wikipedia, leseni mliyotoa tayari inaruhusu matumizi ya biashara, kinachobishaniwa ni kutaja waandishi na kushiriki kwa masharti yale yale, si malipo ya kila mtu. Na hakuna mtu mmoja anaweza kuandikisha "watu wote wa Kiswahili", anaweza kuwakilisha waliosaini kwake peke yao, tena kwa kile walichomtuma, sasa wa Mombasa na Dodoma na Goma atawasemea vipi? Kwa Kenya, kukusanya mrabaha kwa niaba ya wenye hakimiliki kunahitaji leseni ya Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, si kitu cha mtu kuamka asubuhi na kitabu cha risiti. Mwambieni aonyeshe hiyo leseni, chukueni namba yake muulize KECOBO wenyewe kama wanamjua. Kama hana msitoe hata shilingi, na wale walioshatoa wahifadhi meseji za M-Pesa waende pamoja kituo cha polisi wakaandikishe, mkienda wengi siku moja mtasikizwa haraka.